Dar mpaka Shelisheli kwa katamarani: tubebe maji kiasi gani?

Mwana_Uyole: Wakuu, heshima kwenu. Niko Mbeya. Mimi na wadogo zangu wawili tunataka kuvuka Dar hadi Mahé, Shelisheli, kwa katamarani (mitumbwi miwili iliyoungwa) ya tanga ya mita 9. Naomba mambo mawili tu: tuondoke mwezi gani, na maji kiasi gani. Silali vizuri, kila nikipiga hesabu inatoka tofauti.

Tangambili: Ni kama maili 980 za baharini, karibu mashariki moja kwa moja. Mkienda maili 110 kwa siku ni siku tisa, pangeni maji ya siku 16 kwa tahadhari. Watu watatu, lita 4 kila mmoja za kunywa na kupikia, ni lita 192: madumu kumi ya lita 20. Matano kila upande, katikati ya chombo, maana katamarani ikilemewa omo (mbele) inachimba mawimbi. Msiweke tangi moja. Dumu likiingia chumvi mmepoteza lita 20 tu.

Mwezi: mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, kusi ikilegea. Julai bahari ni nzito. Desemba mpaka Machi kaskazi iko usoni, mtapiga bisho, yaani kwenda kwa kukata upepo. Mkondo wa pwani unasukuma kaskazini, kwa hiyo siku mbili za mwanzo shikeni kusini kidogo ya njia.

Mama_Tukuyu: Maharage makavu yaacheni, yanamaliza gesi na maji. Bebeni choroko, dagaa na mchele wa Kyela. Ila mwanangu, mama yenu anajua? Watoto watatu wa tumbo moja kwenye chombo kimoja!

Fundi_Mbao: Chombo kimeundwa kwa mbao gani?

Mwana_Uyole: Naunda mwenyewe. Mitumbwi miwili, inaungwa na boriti tatu kwa kamba, itapanda lori vipande vipande. Swali langu ni maji, mkuu.

Fundi_Mbao: Nimeuliza mbao.

Mwana_Uyole: Marini bodi, za milimita 12. Zile zenye ngozi nyeusi. Mtumbwi wa kwanza umekwisha, wa pili uko nusu. Hela imeshatoka, na muuzaji alinihakikishia hazipitishi maji. Nitapaka epoksi, gundi inayoganda ngumu, mara tatu.

Fundi_Mbao: Kaka, hiyo ni bodi ya kumwagia zege. Jina tu ndilo la baharini. Epoksi haishiki kwenye ngozi ile mpaka uiparue yote. Tabaka za ndani zina mapengo. Maji yakiingia pembeni yanalala humo na mbao inaoza huku nje panang'aa. Na gundi ya nyingi haivumilii maji. Bodi ya mashua ni ya kiwango cha Uingereza cha BS 1088, karibu bila mapengo ndani. Pima leo: kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, chemsha kwa muda wa saa nne, kikaushe, chemsha tena.

Mwana_Uyole: Lakini mitumbwi ya Matema, Ziwa Nyasa, ni gogo tu, na inaelea miaka.

Fundi_Mbao: Gogo halina gundi ya kuachia.

Kitulo77: Mimi nahisi hadithi ya kutunga. Uyole usiku wa Juni baridi inashuka chini ya nyuzi 10, epoksi haigandi vizuri. Mtumbwi mzima umeugandishaje?

Mwana_Uyole: Si hadithi. Nimezungushia turubai, nikaweka majiko mawili ya mkaa ndani. Asubuhi inakuwa ngumu, ila juu inateleza kama imepakwa mafuta.

Fundi_Mbao: Huo utelezi ndio unaonyesha anasema kweli, mtu hawezi kuubuni. Hewa ya mkaa na unyevu vinakula kigandishi, juu panabaki utando. Koti la pili halishiki hapo. Unaoshwa kwa maji ya kawaida na brashi, kisha msasa. Na usikae ndani ya turubai na mkaa, utakufa.

Mwana_Uyole: Nimechemsha. Baada ya saa moja na nusu tu kingo zimefunguka, tabaka mbili nimezibandua kwa ukucha. Wadogo zangu wameshaomba likizo ya Oktoba.

Tangambili: Basi ni Oktoba ya mwaka kesho. Katikati ya njia hiyo hakuna wa kukuvuta.

Mwana_Uyole: Boriti je? Ni paini ya Sao Hill.

Fundi_Mbao: Zinaweza kupona, kama hakuna fundo karibu na pale kamba inapofunga. Piga picha sehemu zote sita, ulete hapa.