Mdogo wangu anataka kusoma gerezani: sisi wa nje tumsaidieje?

Mdadisi:
Wadau, naomba mawazo yenu. Mdogo wangu amebakiza miaka miwili ya kifungo, na ametuandikia kwamba anaweza kuchagua kati ya kuendelea na masomo ya sekondari aliyoyaacha na kujifunza useremala. Baba anaona kidogo tulichonacho kitumike kununua vitabu tu, kwa kuwa kumtembelea kila mara ni kuongezeana majonzi. Mimi nasita. Ni kipi hasa kinachomrekebisha mfungwa: masomo, au watu wa nje wasiomwacha mkono?

Mwalimu wa Jioni:
Nilijitolea kufundisha gerezani kwa miaka kadhaa. Kabla hajachagua, ulizeni cheti kitatolewa na nani. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizorekebishwa mwaka 2015, ziitwazo Kanuni za Nelson Mandela, zinasema katika kanuni ya 104 kwamba elimu ya wafungwa iunganishwe na mfumo wa elimu wa nchi, ili mtu akitoka aendelee bila taabu. Jambo hilo si dogo kama linavyosikika. Nilikuwa na wanafunzi walioshika randa vizuri kuliko mafundi wengi walio huru, lakini walitoka na karatasi yenye mhuri wa gereza, nao wakaona haya kumwonyesha mwajiri yeyote. Ulizeni pia itakuwaje akihamishwa gereza kabla ya mtihani, maana hapo ndipo wengi hukatika.

Mpenda Takwimu:
Taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilikusanya tafiti nyingi kuhusu elimu ya wafungwa na kutoa ripoti mwaka 2013. Watu hupenda kunukuu asilimia 43 kutoka humo, wakidhani kwamba karibu nusu ya waliosoma waliokolewa. Sivyo, hicho ni kipimo cha uwiano wa waliorudia makosa kwa wasiorudia, na ripoti yenyewe inafafanua kwamba hatari ya kurudia makosa ilipungua kwa pointi 13 za asilimia, yaani kama watu 13 pungufu katika kila 100. Bado ni nyingi, ingawa tukumbuke kwamba anayejiandikisha darasani mara nyingi ameshaanza kubadilika.

Kuhusu kutembelea, idara ya magereza ya jimbo la Minnesota ilichunguza mwaka 2011 watu zaidi ya 16,000 waliokwisha kuachiwa, ikaona kwamba waliotembelewa walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kutiwa hatiani tena. Waliosaidia zaidi walikuwa ndugu wa kuzaliwa, baba, wakwe na viongozi wa dini, ilhali kutembelewa na mtalaka kuliongeza hatari. Kwa hiyo wewe na mzee wako mmo katika orodha njema.

Niliyetoka:
Nilikaa ndani miaka sita, na nilisoma. Nitasema jambo moja ambalo halimo katika ripoti: kitabu hukosa maana pale usipokuwa na mtu wa kumweleza ulichokisoma. Dada yangu alikuwa akiniuliza kwa barua nimefika ukurasa wa ngapi, nami kwa aibu ya kukosa jibu nililazimika kusoma. Majonzi anayoyasema baba yako yapo, tena siku ya kutembelewa usiku wake huwa mrefu. Lakini asiyetembelewa huanza kuamini kwamba huko nje hakuna anayemngoja, na akishaamini hivyo, masomo ni ya nini? Anzeni sasa kumtafutia pa kulala na fundi atakayekubali kumpokea, kwa sababu wiki za kwanza baada ya lango ndizo zilizowarudisha ndani wenzangu, wakiwemo waliofaulu vizuri kuliko mimi.

Mdadisi:
Nashukuruni nyote. Nimemsomea baba jibu la mwisho, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza siku za kutembelea ni zipi. Suala la cheti nitalifuatilia kwa ofisa ustawi wa gereza kabla mdogo wangu hajajaza fomu.