Mdogo wangu aliondoka kabla ya ndoa, watu wanamtungia sababu. Niseme ukweli au ninyamaze?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa watu wazima, na tafadhali mnisome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Mdogo wangu alikuwa aolewe Jumamosi iliyopita. Alhamisi tulipoamka hayupo. Simu imezimwa, pochi na vitambulisho kaondoka navyo, gauni limebaki linaning'inia nyuma ya mlango na nailoni yake. Tulihangaika sana, baba akaenda kutoa taarifa polisi. Usiku ule ule alinipigia kwa namba ngeni. Yuko salama, kwa mtu ninayemfahamu na ninayemwamini. Sababu aliniambia, akaniomba isitoke kwangu. Wazazi wanajua yu hai, shemeji naye nimemwambia hivyo hivyo, basi.

Shida ni maneno ya watu. Walianza na mimba ya mwanamume mwingine. Kesho yake ikawa alikuwa na mume wa siri. Halafu kuna mtu kaibua picha ya zamani, mdogo wangu kafungwa bandeji mkononi, ikasambazwa na maandishi kwamba bwana harusi ni mpigaji. Picha ile niliipiga mimi mwenyewe. Aliteleza kwenye ngazi, nikampeleka hospitali, na wakati huo yeye na shemeji walikuwa hata hawajajuana! Lakini nani atauliza? Shemeji anatukanwa mpaka kazini, mama yake hataki tena kutoka nje.

Sababu ya kweli haihusiani na kipigo wala mwanamume mwingine. Nikiisema, shemeji anasafishika leo leo, ila nitakuwa nimemsaliti mdogo wangu. Nikinyamaza, kijana wa watu anaendelea kuumia bila kosa. Baba anataka niandike kila kitu hadharani. Nifanyeje?

Mzee Baraka: Pole sana binti yangu. Lakini baba yako yuko sahihi. Watu walialikwa, wakajipanga, wakaacha shughuli zao. Aliyekubali posa mbele ya wazee hawezi kuondoka kimya kimya halafu familia ibaki kubeba aibu. Sema ukweli, yaishe.

Nuru ya Asubuhi: Mzee wangu, shikamoo. Aibu ipo na sikatai, lakini kukubali posa si kufunga ndoa. Kifungu cha 16 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinataka ndoa ifungwe kwa ridhaa huru na kamili ya wote wawili. Ridhaa hiyo inatakiwa iwepo siku ya kufunga, si siku ya posa peke yake. Angeweza kuaga vizuri zaidi, hilo namlaumu. Ila wageni wanadai taarifa kwamba shughuli haipo na kurudishiwa walichotoa. Siri ya moyo wake hawaidai.

Mpita Njia: Mimi niliwahi kuachwa, wiki ya harusi. Ngoja niseme kwa upande wa shemeji yako, maana huku kwingine wote mnamjadili bibi harusi. Kuachwa kunauma, lakini kilichokaribia kunimaliza ni watu kunitazama kama mtu aliyefanya jambo baya ndani, wakingoja nikiri. Kila nikinyamaza, wanasema dhamiri inamsuta. Nikijitetea, wanasema kaanza vitisho. Kwa hiyo dada, usikae kimya kuhusu ile picha. Wewe ndiye uliyeipiga, wewe ndiye uliyekwenda naye hospitali. Hiyo si siri ya mdogo wako, ni ushuhuda wako. Useme kwa jina lako.

Kaunda Suti: Naunga mkono hapo juu. Swali langu ni jingine: polisi mmewarudia? Umesema baba alitoa taarifa, hujasema kama waliambiwa amepatikana.

Mleta uzi: Hapana mkuu, hatujarudi. Baba anasema jambo limeshakuwa la kifamilia.

Kaunda Suti: Basi anzeni hapo, leo, kabla hamjaandika neno lolote. Mwaka 2005 kule Duluth, jimbo la Georgia, Marekani, bibi harusi mmoja alitoka jioni kwenda kukimbia kama mazoezi, siku 4 kabla ya harusi ya wageni 600. Hakurudi. Mamia ya watu wakaingia kumsaka, mchumba wake akatiliwa shaka na watu wengi, hadi akafanyiwa kipimo cha kugundua uongo. Kumbe mwenzao alipanda basi mpaka Las Vegas, kisha akaelekea Albuquerque. Alipopiga simu akadai ametekwa, baadaye akakiri si kweli. Akapewa kifungo cha nje cha miaka 2 na saa 120 za kutumikia jamii. Angalieni kosa aliloadhibiwa: ni kuwadanganya polisi. Kukimbia ndoa hakukuwa kosa. Mdogo wako hajadanganya mtu, msimwache aonekane kama kadanganya kwa sababu faili liko wazi. Azungumze na polisi yeye mwenyewe kwa simu, awaambie yuko salama na ameondoka kwa hiari. Na aombe wasitaje alipo.

Mama Watatu: Mwanangu, mimi nauliza juu ya huyo mtoto. Anakula? Analala? Usimpelekee picha za mitandaoni, wala usimsomee wanayosema. Anayeondoka usiku akiacha gauni mlangoni alikuwa ameshalemewa zamani. Na mwambie, kwa upole, kwamba mchumba wake anastahili kuisikia sababu kutoka mdomoni mwake. Hata kwa barua. Wewe usiwe mjumbe wa hilo, ujumbe wa namna hiyo hufika umepinda.

Mleta uzi: Mama asante, nimelia kusoma hapa. Nimempigia. Amezungumza na polisi, wamemwelewa. Barua kwa shemeji ameshaanza, anasema ataituma akiwa tayari. Baba nimemtuliza, amekubali tuandike taarifa fupi badala ya maelezo yote. Nimeandika hivi:

"Ndugu na marafiki, binti yetu yuko salama na aliondoka kwa hiari yake. Ndoa haitafungwa. Bwana harusi hakumdhuru kwa namna yoyote. Picha inayosambazwa ni ya zamani, ya kuanguka ngazi, kabla hawajafahamiana, nami dada yake nilikuwepo. Tunaomba iondolewe. Kwa walioalikwa, mtapigiwa simu. Kwa niaba yake tunaomba radhi kwa aliyoyafanya."

Nuru ya Asubuhi: Nzuri. Ondoa sentensi ya mwisho. Radhi ya usumbufu ombeni kama familia, ile yake ataiomba mwenyewe na kwa anayestahili.

Mpita Njia: Na shemeji yako aione kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Jina linalosafishwa ni lake, huenda kuna neno hataki liandikwe.

Mleta uzi: Nimeondoa. Nampigia kaka yake sasa hivi nimsomee, wakiridhia inatoka jioni.