Msaada wadau: mstari wa kwanza wa hadithi na makala unanisumbua

Mwandishi_Chipukizi:
Wakuu habari zenu. Naandika hadithi fupi na siku hizi nimeanza na makala, sasa shida yangu ni mwanzo, katikati naenda vizuri tu na mwisho naupata ila ule mstari wa kwanza nakaa nao weee mpaka hamu inakata. Ya sasa hivi inaanza hivi: "Ilikuwa asubuhi tulivu, jua limechomoza, ndege wanaimba, Salma akaamka na furaha." Mhariri kasema imepoa. Nifanyeje?

Tungo_Huru:
Mkuu jua na ndege hao wako kwenye hadithi ya kila mtu, msomaji hata hawaoni tena. Hebu sema kwanza, Salma anapatwa na nini humo ndani?

Mwandishi_Chipukizi:
Anafukuzwa kazi, na jana yake tu bosi kamsifia mbele ya wenzake.

Tungo_Huru:
Sasa si ndo hapo! "Jumatatu Salma alipigiwa makofi ofisini, Jumanne akakabidhiwa barua ya kufukuzwa." Lazima mtu ajiulize kulitokea nini usiku ule. Horace, mshairi wa Roma, alishalisema hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwamba msimuliaji mzuri anamwingiza msikilizaji katikati ya mambo moja kwa moja. Hiyo asubuhi utairudia mbele kama ina kazi.

Mama_Kalamu:
Kwenye makala kuwa makini zaidi maana huruhusiwi kutunga. Tuseme unaandika kuhusu manesi wa zamu ya usiku, usianze na "manesi ni watu muhimu sana katika jamii", hakuna anayebisha hilo kwa hiyo hakuna atakayeendelea kusoma. Nenda wodini ukae, uandike ulichokiona: nesi mmoja, vitanda 40, saa tisa usiku. Halafu usimzungushe mtu, ikifika aya ya tatu au ya nne awe keshajua makala inahusu nini na kwa nini aisome leo. Na jamani, mwanzo mtamu ambao makala yenyewe haiufuati unaniudhi mno, umeniahidi fumbo unanipa hotuba, sirudi tena kwako.

Mwandishi_Chipukizi:
Asante sana mama. Kwa hiyo mwanzo niuache mpaka nimalize?

Mama_Kalamu:
Andika wowote ule mwanangu ili kazi isogee, ukimaliza funika aya ya kwanza usome kuanzia ya pili, kama hakuna kilichopungua basi ifute. Kisha soma kwa sauti, pumzi ikikatika kabla ya nukta ujue sentensi ni ndefu.