Watoto wa miaka 4 na 6 kwenye okestra, nitaweza kweli?

MamaWawili:
Habari wadau, naombeni ushauri. Nimepata tiketi za onyesho la okestra la familia, wamesema ni kama saa moja, watapiga ile Petro na Mbwa Mwitu ya Prokofiev na vipande vingine vifupi. Mimi mwenyewe muziki huu siujui kiviile, nausikiaga kwenye filamu tu. Wangu mkubwa ana 6 anaweza kutulia ila huyu wa 4 dakika kumi tu ni vita. Baba yao anasema tutaenda kuaibika mle ndani. Niende au nisubiri wakue? Na nikienda niwaandaeje?

FidlaYaPili:
Nenda dada. Mimi napiga fidla na maonyesho ya watoto tumeshapiga sana, pale hakuna anayetegemea ukimya, tukisikia mtoto anauliza "yule anafanya nini" kwa sauti tunacheka kimoyomoyo na kuendelea. Hiyo Petro ilitungwa 1936 makusudi kwa ajili ya watoto, inachukua kama nusu saa, kuna msimulizi na kila mhusika ana chombo chake, ndege ni filimbi, bata ni obo (fikiria zumari), paka ni klarineti, babu ni basuni lile refu lenye sauti ya kunung'unika, mbwa mwitu ni honi tatu kwa mpigo (si za gari, ni kama tarumbeta iliyojikunja), na Petro ni sisi watu wa nyuzi. Bunduki za wawindaji ni ngoma, hapo huyo mdogo mwambie mapema asije akaruka.
Halafu usikimbilie siti za mbele kabisa, mtoto ataona viatu vyetu tu. Kaa juu kidogo, pembeni, karibu na mlango.

BabaTatu:
Naongezea, usifanye darasa. Mimi wa kwanza nilimchapishia picha za vyombo vyote namuuliza kila jioni hiki nini hiki nini, siku ya onyesho akakaa kama yuko kwenye mtihani, anajibu majina tu, muziki wenyewe hakusikia. Wa pili sikumfundisha kitu, wiki nzima tulikuwa tunaweka ule wimbo wa babu tu na kutembea sebuleni tumeinama mkono kiunoni. Basuni lilipolia ukumbini akasimama juu ya kiti!!

Mdau_Kimya:
Miaka 4 mapema mno jamani, kuna watu wamelipa kusikiliza

FidlaYaPili:
@Mdau_Kimya wamelipa onyesho la familia mkuu. Kwenye simfoni ya usiku ya saa mbili ningekuunga mkono.

MwalimuChekechea:
Fikeni mapema mama, kwanza choo, pili muwahi kuona wanavyolinganisha sauti, obo anatoa noti moja wote wanamfuata, watoto wangu huwa wanadhani ndo wimbo wenyewe na wanapiga makofi. Kama anaogopa kelele mbebee vile vya kuziba masikio. Akichoka toka naye bila kumgombeza, hata akisikia dakika ishirini zimetosha. Nyumbani baadaye wawekee Kanivali ya Wanyama ya Saint-Saëns, vipande 14 na vingi havizidi dakika mbili tatu, tembo anachezeshwa na besi ile kubwa ya kusimama nayo. Mzee aliiandika 1886 halafu akakataza isipigwe hadharani mpaka afe, eti watu wangemwona si mtunzi wa maana 😂

MamaWawili:
Nimerudi na mrejesho. Tulienda wanne, hata baba yao. Wimbo wa babu umetusaidia sana (asante BabaTatu, mgongo unaniuma). Mdogo alikaa mapajani, honi zilipoanza akaficha uso ila hakutaka kutoka, nilimuuliza mara mbili akanisukuma. Tulitoka kipande cha mwisho alipoanza kupanda viti. Mkubwa sasa anataka honi, tutajua mbele ya safari.
Ila hakuna aliyeniambia habari ya bata jamani!! Kamezwa mzima mzima, mwishoni obo linalia ndani ya tumbo la mbwa mwitu na hadithi inaisha hivyo hivyo. Leo siku ya tatu kila akienda kulala ananiuliza bata ametoka? Namjibu nini?

FidlaYaPili:
Mwambie yule wa obo nimemwona mazoezini jana, mzima kabisa