Wakuu, BTU kwenda wati ni 0.293, 0.317 au 3.15? Naomba msaada wa haraka

Moto_Kiasi (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina namba iko kwenye BTU (kipimo cha joto cha Kiingereza), nataka niipeleke kwenye wati. Nikitafuta mtandaoni nakuta 0.293, kwingine 0.317, kwingine 3.15, na kila mmoja anaapa yake ndiyo sahihi. Ipi ndiyo yenyewe? Ni kazi ya mtu, na tangu juzi usingizi sipati. Nawasilisha.

Bibi_Vipimo
Mwanangu, zote tatu ni sahihi, ila kila moja ina swali lake. 0.293 inageuza BTU kwa saa kuwa wati. Hapo hakuna eneo kabisa. 3.155 inageuza BTU kwa saa kwa futi ya mraba kuwa wati kwa mita ya mraba. 0.317 ni hiyo hiyo ukirudi ulikotoka. Namba yako ina futi ya mraba nyuma yake, au haina?

KakaNyundo
Mkuu pakua programu ya vipimo kwenye simu, maisha yaendelee. Ila usiiamini kwa macho yaliyofumba. Mimi niliwahi kununua sufi ya kuzuia joto imeandikwa R-13 (R ni kiwango cha kuzuia joto), nikadhani ni ya kimetriki. Kumbe ukigawanya kwa 5.678 inabaki kama 2.3 tu. Nilibomoa dari nikaweka upya. Wife mpaka leo ananikumbusha.

Mwl_Msumari
Tatizo letu ni kung'ang'ania futi wakati mita zipo. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu watu walihesabu paundi kama kilo. Ikateleza bila injini hadi Gimli, huko huko Kanada. Hakuna aliyekufa, ila ni kwa ustadi wa rubani, si kwa ustadi wa hesabu. Andikeni kipimo mbele ya kila namba, vijana!

Moto_Kiasi
Asanteni. Namba ni 4,000. Ni joto linalotakiwa kufika juu ya bati lililopigwa rangi ya poda ili rangi iive. Nilizidisha kwa 0.293 nikapata 1,172. Eneo ni mita 2 za mraba, kwa hiyo kama wati 2,350. Nikaongeza kidogo kwa usalama, ikawa hita tatu za kilowati moja moja. Nilitaka tu mnihakikishie.

Bibi_Vipimo
Hujanijibu. Baada ya BTU pameandikwa nini?

Moto_Kiasi
Btu/(h·ft²).

Bibi_Vipimo
Yaani BTU kwa saa kwa futi ya mraba. Basi hiyo 1,172 ni wati kwa FUTI ya mraba, na wewe umeisoma kama mita. Mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.76. Twende polepole: BTU moja ni jouli 1,055, saa ina sekunde 3,600, unapata wati 0.293. Futi ni mita 0.3048 kamili, mraba wake ni 0.0929. Gawanya 0.293 kwa 0.0929, ni 3.155. Mara 4,000 ni karibu wati 12,600 kwa mita ya mraba. Kwa mita zako mbili ni kilowati 25. Unazo tatu.

DadaRejeta
Kwa 1,172 bora uanike juani tu mkuu 😂 Mwanga wa jua kabla haujaingia kwenye angahewa ni wati 1,361 hivi kwa mita ya mraba.

Moto_Kiasi
Lakini hita nimeshaagiza. Hata zikiwa ndogo, si naacha bati likae muda mrefu zaidi? Joto si linajikusanya?

Bibi_Vipimo
Linajikusanya mpaka pale linalotoka linapolingana na linaloingia, halafu basi. Rangi yako inataka nyuzi ngapi?

Moto_Kiasi
180 za Selsiasi.

Bibi_Vipimo
Uso wenye rangi ukiwa na nyuzi 180 katika chumba cha kawaida unatupa zaidi ya wati 1,700 kwa kila mita ya mraba kwa mnururisho (joto linalotoka kama mwanga usioonekana) peke yake, bado hewa haijachukua chake. Wewe unaingiza 1,172, au 1,500 ukihesabu hita zote tatu. Ukisubiri mwaka haifiki.

Msumeno_Kimya
Hii chai. 4,000 kamili, mita 2 kamili, hita tatu kamili? Ni swali la mtihani limevalishwa ovaroli. Bibi usimfanyie mtoto kazi ya shule.

KakaNyundo
Hata mimi nimeanza kuhisi. Shusha picha ya hiyo karatasi.

DadaRejeta
Jamani, wanaotengeneza vitu huandika namba za mviringo. Hata kama ni mwanafunzi, akielewa leo kuna ubaya gani?

Msumeno_Kimya
Ubaya ni kudanganya watu wazima usiku huu.

Moto_Kiasi
Si chai, ndugu yangu. Picha siwezi, karatasi ina jina la mteja. Nanakili mstari wenyewe: "4,000 Btu/(h·ft²) (12.6 kW/m²)". Hiyo ya kwenye mabano niliiona tangu mwanzo. Kwa kuwa yangu ilikuwa 1.17, nikajua wamekosea kuchapa. Ndiyo maana sikuitaja.

Msumeno_Kimya
Samahani mkuu. Hilo hakuna mtunzi angelitunga.

Bibi_Vipimo
Mwanangu, jibu ulikuwa nalo mkononi. Sasa niambie, waya umevuta wa kiasi gani?

Moto_Kiasi
Wa hita tatu.

Bibi_Vipimo
Kilowati 3 kwa volti 230 ni ampea 13. Kilowati 25 kwa laini hiyo hiyo ni karibu 110. Usichomeke kitu. Hapo ni umeme wa fezi tatu na fundi mwenye leseni.

Moto_Kiasi
Nimeelewa, bibi. Muuzaji nimemwandikia sasa hivi asitume mzigo. Mwenye kazi nampigia asubuhi.