Waziri akitaja namba, kwanini asitaje na hesabu yake?

Wakuu habari za jioni. Kuna mdau juzi kaandika kwamba takwimu za serikali zisihojiwe hovyo, ati kila mwenye bando akianza kumwaga namba zake nchi itavurugika, tuwaachie NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, ndo wenye fani yao. Mi nampinga, na hao NBS nawaheshimu sana tu.

Shangazi yangu ni mama lishe, ana kaunta buku anaandika manunuzi ya kila siku, mchele, maharage, mafuta, mkaa, vyote kwa kalamu ya bluu na madeni ya wateja kwa nyekundu. Mwaka 2020 sahani ya wali maharage aliuza 1,500, 2024 akawa anauza 2,000 na faida bado haioni, yaani imepanda theluthi nzima. Jioni redio inatangaza mfumuko wa bei asilimia 3 na pointi, anaizima, anasema hawa wanatuona watoto. Hapo ndo panaponiuma maana namba yenyewe si ya uongo, ila hakuna aliyewahi kumweleza imepatikanaje.

Mfumuko unapimwa kwa kapu la bidhaa na huduma na kila kitu mle kina uzito wake, yaani sehemu yake kwenye matumizi ya watu. Kapu lenye mwaka wa kizio (mwaka wa kulinganishia bei) 2010 chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilibeba asilimia 47.8, kapu lililofuata 38.5, hili la sasa lenye kizio 2020 ni 28.2. Uzito huo unatokana na utafiti wa matumizi ya kaya, sio kwamba mtu kajifungia ofisini akajitungia, kipato kikikua sehemu ya chakula kwenye matumizi hupungua, hilo halina ubishi. Lakini ule ni wastani wa nchi nzima, na kaya ambayo zaidi ya nusu ya hela yake inaishia sokoni inaumia kuliko asilimia 3 inavyosema. NBS wanauweka uzito huo kwenye jedwali la taarifa yao ya kila mwezi, siri haipo, ila kiongozi akishika maiki anatoa namba moja kavu, watu wanapiga makofi, basi. Akisema tu "kwenye hesabu hii chakula ni asilimia 28" shangazi angeelewa palepale kwanini kaunta buku lake halifanani na redio.

Na hii hofu ya kwamba wananchi wakihoji nchi itavurugika tulishaijaribu. Septemba 2018 Bunge lilibadilisha Sheria ya Takwimu ya 2015 ikawa kosa kutangaza namba za kupinga au kupotosha zile rasmi, faini isiyopungua milioni 10 au jela isiyopungua miaka 3, Benki ya Dunia ikalalamika hadharani, na Juni 2019 ikabidi makali yale yaondolewe. Kisha ikaja korona, mwanzoni mwa Mei 2020 idadi ikaishia wagonjwa 509, baada ya hapo kimya mpaka mwaka uliofuata. Kila mtu anakumbuka voisi nouti zilivyozunguka kipindi kile, sasa mdau nauliza, kilichovuruga ni namba za wananchi au ni ile kukosa namba kabisa?

Wenzetu Uingereza Septemba 2017 mwenyekiti wa mamlaka ya takwimu, David Norgrove, alimwandikia barua ya wazi Boris Johnson akiwa waziri wa mambo ya nje, akamwambia ile namba ya paundi milioni 350 kwa wiki, alizodai nchi itazirudisha mikononi mwake ikijitoa Umoja wa Ulaya, anaitumia vibaya, na barua ikawekwa hadharani watu wote wakaisoma.

Kwetu Mtakwimu Mkuu anateuliwa na Rais. Kwa hiyo nyie mnaosema tuwaachie wataalamu, nijibuni hili moja, waziri akiipindisha namba ya NBS mbele ya kamera, nani pale mwenye ubavu wa kumwandikia barua kama ile?