Maseneta wawili kila jimbo Marekani: ni haki au dili la 1787 lililopitwa na wakati?

Wakuu, naleta hili tubishane kwa hoja. Kila tukigusa siasa za Marekani kuna watu wanasema Seneti yao imekaa vizuri, eti waasisi walitafakari wakaona kila jimbo lipate maseneta wawili ili mdogo asimezwe na mkubwa. Mi nakataa. Lile lilikuwa dili la kuokoa mkutano wa kuandika katiba usivunjike, basi.

Kwenye mkutano huo, Philadelphia 1787, James Madison, mjumbe wa Virginia, alitaka uwakilishi ufuate idadi ya watu kwenye mabaraza yote mawili, Delaware na New Jersey wakagoma, Gunning Bedford wa Delaware akafikia kutishia kwamba majimbo madogo yatatafuta rafiki nje ya nchi, ikabidi wagawane, Baraza la Wawakilishi lifuate watu na Seneti iwe sawa kwa sawa. Kura ya tarehe 16 Julai ikapita majimbo 5 kwa 4, wajumbe wa Massachusetts wenyewe wakagawanyika nusu kwa nusu. Hapo unaniambia walikubaliana?

Sensa ya kwanza ya 1790 Virginia iliizidi Delaware kama mara 12 na ushee. Sensa ya 2020 California ina watu zaidi ya milioni 39, Wyoming haifiki laki 6, yaani mara 68! Na wote wana wawili wawili. Na Seneti hiyo hiyo ndo inapitisha majaji wa Mahakama ya Juu.

Kinachoniuma zaidi ni Washington DC, mji mkuu ambao sio jimbo, watu karibu laki 7, wengi kuliko Wyoming, kodi ya serikali kuu wanalipa, jeshini wanaenda, lakini Senetini hawana hata kura moja. Kama Seneti inalinda wadogo hawa mbona imewaacha?

Najua mtasema bila lile dili muungano usingekuwepo. Sawa, nakubali kabisa. Ila wakalifunga na kufuli, Ibara ya 5 ya katiba inasema jimbo halinyang'anywi usawa wake Senetini bila lenyewe kuridhia, sasa Wyoming iridhie ili ipate nini?

Halafu 1964, kesi ya Reynolds dhidi ya Sims iliyotoka Alabama, Mahakama ya Juu ikaamua hata seneti za ndani ya majimbo lazima zifuate idadi ya watu, Jaji Mkuu Warren akaandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, sio miti wala eka. Kwa hiyo Alabama ikigawa viti hivyo kwake ni kosa, ila nchi nzima ikigawa hivyo ni katiba? Wanaoitetea Seneti waanzie hapo.